Mwaka Niliokunja Tepu

Zuhura alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka langu, mikono ameinyanyua kidogo kama mtoto anayevuliwa sweta, nami nimeshapitisha tepu mgongoni mwake, aliposema, "Dada, hapo kiunoni uniachie nafasi. Siku hizi sijui nimekuwaje. Nikila matonge matatu tu, tumbo linajaa kama ngoma." Alisema huku anacheka. Alikuwa ametoka Mtinko asubuhi hiyo na kitambaa cha sare, kwa ajili ya harusi ya mtoto wa shemeji yake, na haraka yake ilikuwa kurudi kabla jua halijawa kali. Mimi sikucheka. Vidole vyangu vimepima viuno kwa zaidi ya miaka thelathini bila kusubiri amri ya kichwa, lakini vilisimama palepale vilipokuwa, katikati ya mgongo wake, vikishika tepu. Zuhura ni mtoto wa pekee wa Fundi Hadija, mwanamke aliyenifundisha kazi hii. Sisi wawili huonana mara moja moja, msibani au harusini, tunaulizana habari za watoto, tunaagana. Mwaka ule mama yake alipougua hatujawahi kuuzungumza. Yeye alikuwa na miaka kumi na mbili, mimi kumi na tisa. Anajua kwamba mama yake alifariki kwa ugonjwa wa tumbo. Habari ya tepu alikuwa haijui.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mitumba ilipojaa Singida. Neno la wakati ule lilikuwa ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua duka la dawa baridi kwenye kibaraza cha nyumba yako, ruksa kusimama jukwaani na kusema chama chako ni kizuri kuliko cha mwenzako. Marobota ya nguo kutoka ng'ambo yalikatwa kamba sokoni, na watu waliokuwa wakishona gauni moja kwa sikukuu sasa walipata gauni tano kwa mkupuo. Mafundi wengi walifunga vyumba vyao. Wengine waligeuka kuwa watu wa kubana suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Fundi Hadija alikataa. Chumba chake kilikuwa nyuma kidogo ya soko, chumba cha mbele cha nyumba ya udongo iliyopigwa lipu, na ndani yake mlikuwa na vyerehani viwili, kimoja cha miguu na kimoja cha mkono, meza ya kukatia iliyokwanguka rangi, na pasi ya mkaa ambayo moshi wake uliingia mpaka kwenye ugali. Nilikuja pale kutoka Kinyangiri kujifunza kazi, nikapewa kitanda cha kamba nyuma ya pazia, na tangu siku ya kwanza nilimwita Mama.

Mpango wake wa kupigana na mitumba ulikuwa mwili wake mwenyewe. Kila mwezi angejishonea gauni jipya la kitambaa kipya, alivae, na kuzunguka nalo minadani, Mtinko, Ulemo, hata Kinyangiri kwetu, ili wanawake waone nguo iliyokatwa kwa mwenyewe inavyokaa. "Mtumba ulikatwa kwa ajili ya mtu mwingine," alikuwa akiwaambia. "Mimi ninakukatia wewe. Sasa chagua, uvae mtu au uvae nguo." Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mjane kwa miaka minne, mwembamba, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa. Wanawake walimfuata. Lakini fundi hawezi kujipima mwenyewe. Akiinama kusoma, kiuno kinajikunja na namba inaongopa. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi tulifanya hivi: Mama anasimama katikati ya chumba, mimi nazungusha tepu na kutaja namba kwa sauti, na Zuhura, akiwa ametoka shule na sare yake ya bluu, anaandika kwenye daftari la vipimo. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Mwezi wa kwanza kiuno kilikuwa inchi thelathini na moja. Nakumbuka kwa sababu daftari hilo ninalo hadi leo.

Hatukuwa na siku ya kutulia. Jumatatu hapa, Alhamisi kule, cherehani cha mkono kimefungwa kwa kitenge, mabega yanauma, vumbi la barabara limetujaa masikioni. Na katikati ya mbio zile mambo madogo yalianza, madogo kiasi kwamba ukiyataja moja moja unaonekana mtu wa kulalamika. Mama alikuwa mlaji. Mwembamba, lakini mlaji. Ugali wa uwele na mlenda alikuwa akiumaliza huku anasimulia, na Zuhura akimtania kwamba chakula kinaingia miguuni. Kuanzia mwezi wa tatu hivi alianza kuacha. Anakata matonge mawili, matatu, anasukuma sahani. "Nimeshiba." Zuhura akauliza, "Umeshiba nini, Mama?" "Nimeshiba harufu ya pasi. Kula wewe." Tukacheka. Wiki nyingine alisema kiuno kinauma kwa chini, mbele, karibu na nyonga, akasema ni cherehani. Wiki nyingine alisema gesi. Na kwenye gari la mnada alianza kumgongea dereva kwenye bodi ili asimame. Dereva huyo tulimwita Kepu kwa sababu hakuvua kofia yake hata mbele ya wazee. Safari moja ya kutoka Mtinko alimsimamisha mara tatu, na mara ya tatu Mama aliporudi kutoka kichakani, Kepu akatoa kichwa dirishani.

"Mama Zuhura, gari hii inakunywa dizeli. Wewe mwenzetu unakunywa nini?"

"Ninakunywa maneno yako," Mama akamjibu huku anapanda. "Ndiyo maana yanatoka haraka."

Gari zima liliangua kicheko, na Kepu akapiga honi kukubali kwamba amepigwa. Mimi nilicheka kuliko wote. Leo nikikumbuka kicheko kile, natamani kunyanyuka kwenye kiti nikizime.

Tumbo lilipoanza kuonekana, watu hawakufikiri ugonjwa. Walifikiri mambo mawili tu. Waliokuwa na roho nyeupe walisema biashara imemkubali. Enzi zile kitambi kilikuwa cheti cha ruksa, na mtu aliyenenepa alipewa pole ya utani na heshima ya kweli. Mama mwenyewe aliuchukua utani huo. Siku moja, nikimlegezea mshono wa sketi, alijipiga tumbo kwa kiganja na kusema, "Serikali imesema ruksa kila kitu, na tumbo nalo limesikia tangazo." Waliokuwa na roho nyingine walisema la pili. Jirani yetu Mama Daudi alikuwa akiuza vitunguu kwenye kibaraza kinachopakana na dirisha letu, na ukuta ule ulikuwa mwembamba kama kanga. Mchana mmoja mimi na Mama tulikuwa tunakata kitambaa, na tulisikia sauti yake akiongea na mteja. "Hongera tutampa, lakini tumpe nani mwingine? Kwani marehemu mumewe siku hizi anapewa likizo?" Wakacheka kwa chini, ule mcheko wa kufunikwa na mkono. Mkasi wa Mama ulisimama kwenye kitambaa. Alimalizia kukata, mstari ukapinda, na sikuwa nimewahi kumwona Fundi Hadija akipindisha mstari.

Mwanzo wa mwezi uliofuata tuliposimama kupima, alivuta pumzi ndani kabla sijamgusa. Niliona mbavu zikipanda. Aliniangalia machoni kwenye kioo, na macho yale hayakuwa ya fundi kwa mwanafunzi wake. Yalikuwa yanaomba. Tepu ilisema thelathini na nne na nusu, pamoja na pumzi alizokuwa amezivuta. Nilikunja tepu nyuma ya mgongo wake, mkunjo wa inchi mbili kati ya kidole gumba na cha shahada, nikaifikisha mbele na kutaja, "Thelathini na mbili na nusu." Zuhura akaandika. Mama akashusha pumzi, akatabasamu, na siku ile alikula. Nilijiona nimefanya wema mkubwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilimpenda, na nilidhani kazi ya mtu anayekupenda ni kukupunguzia namba.

Lakini kitambaa hakikatwi kwa upendo. Ili gauni limkae ilinibidi nikate kwa namba ya kweli, na ili nisiisahau niliiandika kwa penseli ukurasa wa nyuma wa daftari lilelile. Basi ikawa hivyo kila mwezi. Mbele, kwa wino na mwandiko wa duara wa mtoto wa darasa la sita, namba ninazozitaja. Nyuma, kwa penseli yangu, namba zenyewe. Nikashona mshono mpana, nikatia marinda, nikaongeza lastiki. Minadani wanawake walisifu: "Fundi, huu mtindo wa marinda mbele umetoka wapi?" Mama akasema, "Mwulizeni Raheli, ndiye anayenibunia." Nilibuni mitindo mitatu mwaka ule, na yote ilikuwa ya kuficha tumbo moja.

Tusidhani kwamba hakutafuta dawa. Alitafuta sana, na hapa ndipo neno moja lilipotuponza. Kwetu, maumivu yoyote ya tumbo la mwanamke chini ya kitovu yana jina tayari, chango. Damu ikichelewa ni chango, ikija kwa maumivu ni chango, asiposhika mimba ni chango, akijaa gesi ni chango. Neno hilo ni kama gunia. Kila kitu kinatiwa humo, na gunia likishafungwa hakuna anayeuliza ndani mna nini. Mama Daudi, ambaye ulimi wake na mkono wake havikuwa vya mtu mmoja, ndiye aliyemletea mizizi ya chango, akaichemsha mwenyewe na kumwekea sukari. Mama alikunywa wiki tatu. Kisha alipewa vidonge vya minyoo kwenye duka la dawa baridi, halafu vya vidonda vya tumbo, halafu vya homa ya matumbo, kwa sababu dawa nazo zilikuwa ruksa. Kila dawa ilimpa siku mbili tatu za matumaini. Sasa naelewa kwamba siku hizo hazikuwa za dawa. Zilikuwa siku za mtu ambaye amepewa jina la ugonjwa wake na kupumua.

Kilichonizindua kilikuwa mkono wa gauni. Mwezi wa nane nilikuwa nakata kwa vipimo vya mwezi ule, nikaweka mkono juu ya kiolezo cha zamani, na kiolezo kikauzidi. Nilidhani nimekosea. Nikafungua daftari, nikashuka na kidole, kuanzia mwezi wa nne, kwenye safu ya mkono ambayo sikuwa nimeidanganya kwa sababu hakuna aliyeiogopa: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na moja na nusu, kumi na moja, kumi na nusu. Nikageuza nyuma kwenye penseli yangu. Kiuno thelathini na nne na nusu, thelathini na tano, thelathini na tano na nusu, thelathini na sita, thelathini na saba. Nikaviweka pamoja, wino na penseli, nikasimama pale mezani mpaka mkaa wa pasi ukageuka majivu. Fundi anajua miili. Mtu anayenenepa hunenepa na mikono yake. Mwenye mimba huongezeka kifuani kwanza, na kifua cha Mama kilikuwa kinapungua. Tumbo hili lilikuwa linakua kwa kumla mwenye nalo.

Sikujua nimwambie nani. Kwa malezi yetu, mtoto hamwambii mtu mzima habari za tumbo lake; hata shikamoo yenyewe nilikuwa namwamkia nimeinamisha macho. Nilizunguka siku nne, nikavunja sindano mbili, nikachoma ukosi wa shati la mteja kwa pasi. Siku ya tano alikuja Sista Paskalina, muuguzi wa zahanati, kupunguza gauni lake la kazi. Mama alikuwa amejilaza chumba cha nyuma. Nilimpima Sista, na badala ya namba nikajikuta nasema, "Sista, mtu anaweza kukonda mikono na kunenepa tumbo?"

Alinitazama kwenye kioo. "Mtu gani?"

Nikamwonyesha daftari. Alisoma mbele, akasoma nyuma, na hakuniuliza kwa nini namba ni mbili. Aliuliza mengine, taratibu, kama anayepita ndani ya nyumba anafungua dirisha moja baada ya jingine. Anashiba mapema? Anakwenda haja ndogo mara nyingi, ghafla? Anaumwa hapa chini? Tumbo linajaa na kupungua, au linajaa na kubaki? Imekuwa muda gani? Karibu kila swali nililijibu ndiyo, na kila ndiyo ilinikumbusha siku ambayo tulicheka. Mwishowe alisema, "Sijui ni nini. Inaweza kuwa kitu kidogo. Lakini hii si ya kwangu wala ya duka la dawa. Aende hospitali, apigwe picha ya tumbo. Nani atamwambia?" Nikalifunga daftari. "Basi ni wewe," akasema. "Ndiye unayemshika kiuno."

Nilimwambia siku hiyohiyo, saa kumi jioni, akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mlenda. Nilipiga magoti kama ninayeomba radhi, nikamwambia aende hospitali. Akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akasema kwa Kinyaturu maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa yote, kisha akageukia Kiswahili. "Na wewe? Umekaa na Mama Daudi? Unataka nipelekwe kupimwa mimba mbele ya watu?"

"Si mimba, Mama."

"Umejuaje?"

"Mikono yako. Mikono inapungua."

Alinyoosha mkono wake mbele, akauangalia, akaugeuza. Kisha akazungusha vidole vya mkono wa kulia kwenye ule wa kushoto, juu ya kiwiko, namna fundi anavyokadiria bila tepu. Vidole vilikutana. Alikaa hivyo, amejishika, mpaka mlenda ukaanza kunyauka kwenye ungo.

Tulikwenda hospitali ya misheni iliyokuwa na mashine ya picha, Mama, mimi na Zuhura, ambaye hakukuwa na mtu wa kumwachia. Kepu alitupeleka mpaka kituo cha basi na mara hii alisimama mwenyewe njiani bila kugongewa. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye haraka. Alimbonyeza tumbo, akapiga kwa vidole kusikiliza maji, kisha akauliza swali ambalo nimelisikia masikioni mwangu tangu siku hiyo: "Mama, hili tumbo limeanza lini?"

"Juzijuzi tu," Mama akasema.

Nilikuwa na daftari ndani ya kitenge. Ningeweza kuliacha huko. Nilimwangalia Zuhura, ambaye alikuwa anahesabu vigae vya sakafu, nikamwambia akatuletee maji ya kunywa. Alipotoka nililiweka daftari mezani na kuligeuza upande wa penseli. Daktari alisoma mwezi kwa mwezi. Mama naye alisoma, kichwa amekiinamisha, na alipofika mwezi wa nane alinyanyua macho.

"Kumbe ulikuwa unanidanganya, Raheli."

"Ndiyo, Mama."

Nilitegemea kofi. Alicheka, kicheko kifupi, akashika tumbo kwa sababu kiliuma. "Na mimi nilikuwa navuta pumzi. Mimi navuta, wewe unakunja. Tepu ya watu haikuwa na rafiki chumba kile."

Ilikuwa saratani ya ovari, vile vifuko viwili vidogo vinavyotunza mayai ya mwanamke, kimoja kulia, kimoja kushoto, ndani kabisa, ambako mkono haufiki na jicho halioni. Ilikuwa imeshatoka kwenye kifuko na kutawanyika. Walimtoa maji, wakamfanyia upasuaji, wakamwandikia rufaa ya mbali, akaenda na kurudi. Alifariki mwaka uliofuata, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa lakini hazijavunwa. Nilimwuliza daktari kama ile miezi niliyoikunja ingemwokoa. Hakunipa jibu la kunifariji wala la kuniua. Alisema kwamba ugonjwa huu ukikutwa bado umo ndani ya kifuko chake, tiba ina mahali pa kushika. Ukishatawanyika, tiba inafukuza moshi. Sijui Mama alikuwa upande gani wa mstari huo mwezi wa nne, nilipokunja tepu mara ya kwanza. Nimeishi na kutojua huko, na hakukai chini. Kunanisimamisha asubuhi, kunanitembeza kati ya meza na dirisha, na kumenifanya niwe fundi mwenye maswali mengi kuliko uzi.

Siku chache kabla hajafa aliniita kitandani na kunipa tepu yake, ile ya kitambaa cha njano iliyofutika namba mbili za mwanzo. "Zuhura akikua, atakuja umpime," alisema. "Usimhurumie." Sikumwelewa. Nilidhani anazungumzia ufundi.

Kwa hiyo wewe dada au binti unayesoma, nikuambie kama ninavyowaambia wanaosimama mbele ya kioo changu, bila kukutisha. Tumbo kujaa ni jambo la kila siku. Sote tumejaa gesi, sote tumeshiba maharage, na mara nyingi sababu ni ndogo na dawa yake ni rahisi. Ninachokuomba uangalie ni lile linalokuja na kukaa. Tumbo lililojaa karibu kila siku, wiki baada ya wiki. Chakula unachokipenda kinachokushinda kwenye tonge la tatu. Maumivu ya chini ya kitovu au nyonga ambayo hayakuwepo mwaka jana. Haja ndogo inayokukimbiza njiani. Kama ni mageni kwako na hayaondoki, usiyatie kwenye gunia la chango. Nenda, na ukifika usiseme juzijuzi. Sema tangu lini, na kama hukumbuki anza kuandika leo. Omba wakuangalie na ovari pia, kwa sababu kipimo cha shingo ya kizazi ambacho wengi tumekizoea, nacho ni kizuri na ukifanye, hakizioni ovari. Na ukiambiwa ni gesi, ukatumia dawa na hali ikabaki vilevile, rudi. Kurudi si ukorofi. Hasa kama mama yako au dada yako aliwahi kuugua, litaje hilo mlangoni kabla hujakaa.

Hayo yote nilipaswa kumwambia Zuhura siku ile, na nilisimama mgongoni mwake nisiweze kuanza. "Dada, umepotelea wapi?" akaniuliza. Nilimwambia aketi. Nilifunga mlango wa duka, nikatoa daftari chini ya vitambaa vya bitana, nikamfungulia upande wa mbele. Alitambua mwandiko wake mara moja, akatabasamu. "Mwangalie huyu mtoto, saba zake zote zina kofia." Kisha nikageuza nyuma. Nilimweleza yote, tangu Mama Daudi mpaka mkunjo, na sikujitetea. Alisoma safu ile ya penseli mara mbili. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha sare.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naandika uongo," alisema.

"Wewe uliandika nilichokutajia. Uongo ulikuwa wangu."

"Mama alikusamehe?"

"Alicheka."

Nje kuna mtu aligonga mlango, akaita "Fundi!", akachoka, akaenda. Mwishowe Zuhura alisimama, akarudi mbele ya kioo, akanyanyua mikono. "Pima," akasema. Nilichukua tepu ya njano. Niliizungusha, nikaibana kwa haki, na nilimwona kwenye kioo akivuta pumzi ndani, mbavu zikipanda, kama mama yake kabisa. Nilisubiri. Niliishika tepu palepale mpaka akacheka kwa aibu na kuiachia pumzi. Nikasoma namba kwa sauti. Nikampa kalamu. "Andika mwenyewe," nilimwambia, naye akaandika, saba yenye kofia, na chini yake akaanza kuandika mambo mengine bila kuambiwa: tangu mfungo wa Ramadhani, tumbo kujaa; tangu msimu wa mahindi mabichi, kushindwa chakula; safari ya leo, nimesimamisha gari mara mbili.

Tulikwenda pamoja kesho yake. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanangu, akambonyeza, akainua kichwa. "Mama, limeanza lini?" Zuhura hakunitazama. Alifungua daftari, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza na kuanza kusoma, na alipofika mwisho aliongeza, "Na mama yangu alikufa kwa saratani ya ovari." Binti yule aliweka kalamu chini akasogeza kiti karibu. Picha imeonyesha uvimbe upande wa kushoto, bado umekaa mahali pake. Ni uvimbe wa namna gani hatujui. Ataingia upasuaji wiki ijayo ndipo tuambiwe. Harusi ni mwezi ujao. Sare yake nimeimaliza leo mchana, na kiunoni nimeiacha pana kwa inchi mbili kamili, za kupunguzwa akitoka upasuaji.